Kompresheni resho: ipime mwenyewe kabla hujafunga hedi (mfano wa 7A-FE)

Wengi wetu tukifanya ovaholi tunabadili pistoni, ringi na beringi, hedi tunaipeleka ikapigwe skimu (uso wake uchongwe uwe bapa), tunafunga, gari ikiwaka tunaona tumemaliza. Afu baada ya mwezi injini inaanza kugonga (mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda) ukiikanyaga mlimani na kila mtu anakuja na lake, mafuta mabaya, plagi feki, taimingi (wakati wa plagi kuwasha) imehama. Hamna anayeuliza lile swali lililotakiwa kuulizwa hedi ikiwa bado ipo mezani: kompresheni resho ya hii injini sasa hivi ni ngapi? Siyo ile iliyoandikwa kwenye kitabu, naongelea ya injini yenyewe ilivyo baada ya kuboriwa (silinda kupanuliwa) na kuchongwa.

Mi hili limenikuta. Toyota Carina Ti yangu, injini 7A-FE, ilichemsha hedi ikapinda. Nikaipeleka kwa fundi wa mashine nikamwambia asawazishe tu mpaka inyooke, nikarudishiwa hedi inang'aa kama kioo na hamna aliyeniambia wametoa kiasi gani. Bloku nayo ikaboriwa nikaweka pistoni za oversaizi 0.50 (nene kuliko za kiwandani kwa nusu milimita). Safari ndefu ya kwanza ikawa Dar kwenda Iringa, gari imejaa watu na mizigo, pale mlima wa Kitonga nikiwa gia ya pili nikausikia ule mlio, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Nikiachia mguu unakata, nikikanyaga unarudi. Nilipanda taratibu mpaka juu, na niliporudi nikaifungua upya nikaipima yote kuanzia mwanzo. Namba utakazoziona humu ndo za injini ile.

Resho ni nini hasa

Pistoni ikiwa chini kabisa, juu yake kuna nafasi kubwa iliyojaa hewa na petroli. Ikipanda ikafika topu (juu kabisa) inabaki nafasi ndogo sana na ule mchanganyiko wote umebanwa humo. Chukua ile nafasi kubwa gawanya kwa ndogo, basi, hiyo ndo resho. Ukiambiwa 9.5 maana yake ujazo wa sehemu 9.5 umebanwa ukawa sehemu moja.

Resho = (ujazo wa silinda + nafasi ya juu) ÷ nafasi ya juu

Ujazo wa silinda ni rahisi, unaupata kwa kalkuleta. Kazi ipo kwenye hiyo nafasi ya juu, coz siyo kitu kimoja, ni vipande vinne vilivyokaa pamoja: chumba cha kwenye hedi, tundu la gasketi, ule uwazi mdogo kati ya pistoni ikiwa topu na uso wa bloku, na shimo lililopo kichwani mwa pistoni (au kichuguu, kama pistoni yako imevimba juu). Kila ukichonga, ukibori au ukibadili gasketi unagusa kimojawapo, na kwa sababu nafasi yenyewe ni kama cc (sentimita za ujazo) 50 tu, ukipoteza cc 2 resho inahama.

Na usichanganye na geji. Ile geji unayofunga kwenye tundu la plagi ukapiga stata ikakupa psi 170 au 180, hiyo ni presha, siyo resho. Presha inategemea betri inazungusha injini kwa kasi gani, injini ni ya moto au ya baridi, valvu za kuingiza zinafunga saa ngapi, ringi zinavuja kiasi gani, hata mji uliopo. Mbeya ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, presha ya hewa huko juu ni pungufu karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, kwaiyo injini ileile na geji ileile itakupa namba ndogo Mbeya na kubwa Dar wakati resho haijasogea hata kidogo. Ndo maana gari inaweza ikajengwa Nairobi ikawa haigongi kabisa, ikishuka Mombasa inaanza, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito na silinda inajaa zaidi.

Vifaa

Huhitaji maabara. Tafuta venia nzuri, geji ya saa ile yenye mshale na kishikio chake cha sumaku, rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), sirinji za duka la dawa (moja ya 50 au 60, nyingine ya 10 kwa ajili ya kumalizia), grisi, plastisini ya watoto, na kipande cha plastiki angavu, ile inayotumika kama kioo, unene wa milimita 6. Ukichukua nyembamba inabonyea katikati na kipimo kinaharibika bila wewe kujua. Kikate kifunike silinda nzima kibaki na ukingo wa kutosha, toboa matundu mawili karibu karibu upande mmoja, moja la kuingizia kimiminika na lingine la kutolea hewa.

Kimiminika wengine wanatumia mafuta ya taa, wanatia hydroliki nyekundu kidogo ili yaonekane. Mi napenda maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, sabuni inafanya maji yasivimbe pembeni na mapovu ya hewa yatoke. Na kuna faida ya pili kubwa: cc moja ya maji ni gramu moja. Ukiwa na mzani mdogo wa dijitali, ule wa kupimia vitu vidogo, unapima kopo la maji kabla na baada, tofauti ya gramu ndo cc zako, na hapo hata kama mistari ya sirinji imechapwa vibaya haikuhusu. Jaribu kwanza: vuta cc 50 kwenye sirinji, mimina juu ya mzani. Ikisoma 50 una sirinji nzuri, ikisoma 48 umejua mapema. Ila ukitumia maji ukimaliza tu kausha kwa hewa na pakaa oili hapohapo, kutu ya usiku mmoja kwenye ukuta wa silinda iliyotoka kuboriwa inauma sana.

Hatua ya kwanza: ujazo wa silinda

Kipenyo × kipenyo × 0.7854 × stroki (umbali pistoni inaosafiri kutoka chini mpaka topu), vyote kwa sentimita. Ukiweka milimita utapata namba ya laki nne na ushee, kwaiyo kama umekosea hapo utajua mwenyewe.

7A-FE ya kiwandani ina kipenyo milimita 81 na stroki 85.5:

8.1 × 8.1 × 0.7854 × 8.55 = 440.6 cc

Zidisha kwa nne unapata 1,762, ndo injini ya 1.8 hiyo. Yangu baada ya kuboriwa 0.50 kipenyo kikawa 81.5:

8.15 × 8.15 × 0.7854 × 8.55 = 446.0 cc

Angalia hapo, silinda imeongezeka cc 5 na nafasi ya juu haijaguswa, maana yake oversaizi peke yake tayari imepandisha resho kidogo. Wengi wanadhani oversaizi inaongeza ukubwa wa injini tu.

Kipenyo pima kwenye silinda yenyewe usiamini maandishi ya kwenye boksi la pistoni. Stroki ya kwenye kitabu unaweza ukaiamini kama una uhakika na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) uliyonayo, lakini hapa kwetu injini zinachanganywa sana, na injini za Toyota 4A na 7A zote zina kipenyo 81, tofauti ni stroki, 4A ni 77. Weka geji ya saa juu ya pistoni au tumia venia ya kina, soma ikiwa chini kabisa na ikiwa topu, toa moja kwa nyingine. Dakika mbili tu.

Hatua ya pili: chumba cha hedi

Hapa ndo penyewe, nenda polepole.

Hedi iwe imemaliza kazi zote, imeshachongwa, siti za valvu zimeshakatwa, valvu zimeshasagwa. Ukipima kabla ya kusaga valvu umepima bure, coz siti ikikatwa valvu inazama na chumba kinakua. Safisha kaboni yote. Pakaa grisi nyembamba kwenye siti ya kila valvu, funga valvu na springi zake, afu funga plagi, plagi ileile utakayotumia, siyo ya zamani yenye urefu tofauti, maana ncha ya plagi nayo inakula nafasi.

Geuza hedi chumba kiangalie juu. Iweke sawa, kisha uinamishe kidogo sana ili upande wenye matundu ya plastiki uwe juu na hewa ipate pa kutokea. Pakaa grisi nyembamba kuzunguka chumba, gandamiza plastiki mpaka uone grisi imeshika pande zote. Ikiwa grisi nyingi imeingia ndani ya chumba ifute uanze upya, grisi ya ndani ni ujazo ulioibwa.

Sasa ingiza maji taratibu kwa sirinji kubwa. Utaona povu la hewa linazunguka chini ya plastiki kama jicho, linakimbilia kona. Gonga hedi kwa mpini wa bisibisi linasogea lenyewe mpaka kwenye tundu. Ukikaribia kujaa hamia sirinji ndogo, tone kwa tone, na usimame maji yanapofika chini ya tundu, yasipande ndani yake. Tundu la milimita 6 kwenye plastiki ya milimita 6 linabeba cc 0.17, ni kidogo lakini ukifanya uzembe wa namna hiyo kila sehemu zinajumlishana. Subiri dakika mbili uangalie kama maji yanashuka. Yakishuka, valvu inavuja, na umegundua tatizo lingine bila gharama.

Rudia kila chumba mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya cc 0.3 fanya cha tatu.

Vyumba vyangu vinne, kutoka silinda ya kwanza mpaka ya nne:

36.9, 36.6, 36.2, 35.9

Wastani 36.4. Lakini usikimbilie wastani, tazama namba zilivyojipanga. Zinashuka kwa ngazi kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine, hiyo siyo bahati, hedi ilifungwa kwenye mashine ikiwa imeinama, upande wa silinda ya nne ukaliwa zaidi. Kwa jicho hedi ilikuwa inapendeza na rula ilikaa juu yake vizuri kabisa bila mwanga kupita, kwa sababu uso ni bapa kweli, ila umeinama. Kwa kupima maji tu ndo nililiona.

Ukitaka kujua skimu imekula kiasi gani kwenye chumba, chora umbo la mdomo wa chumba kwenye karatasi ya grafu, hesabu miraba upate eneo, afu zidisha kwa unene uliotolewa. Mdomo wa chumba changu ulikuwa kama sentimita 44 za mraba, kwaiyo kila nusu milimita inayochongwa inaondoka na cc 2.2. Kumbuka hiyo mtu akikwambia "tumetoa kidogo tu".

Hatua ya tatu: gasketi

Gasketi ni silinda fupi. Kipenyo cha tundu × kipenyo × 0.7854 × unene. Tundu la gasketi huwa kubwa kuliko silinda, yangu ilikuwa milimita 82.5, na unene unaotakiwa ni wa gasketi ikiwa imeshabanwa, siyo ikiwa mpya kwenye pakiti. Kama mtengenezaji hajaandika, chukua gasketi ya zamani ya aina ileile iliyowahi kufungwa kwa toki (nguvu ya kukaza bolti) sahihi, pima kwa maikromita kwenye pete ya chuma inayozunguka silinda.

8.25 × 8.25 × 0.7854 × 0.12 = 6.4 cc

Na ukiwa umebori hakikisha tundu la gasketi bado ni kubwa kuliko silinda pande zote. Ukingo wa gasketi ukichungulia ndani ya silinda unapata moto, unakuwa mwekundu, na unawasha petroli kabla plagi haijawasha.

Hatua ya nne: pistoni na uso wa bloku

Funga pistoni kwenye konrodi (mkono unaoiunganisha na krenki) yake na kwenye krenki, zungusha mpaka topu. Topu itafute kwa geji: mshale unapanda, unasimama, unaanza kurudi, pale uliposimama ndo topu. Pistoni ina tabia ya kuyumba kwenye pini yake, kwaiyo soma sehemu mbili zilizo kwenye mstari wa pini, siyo mbele na nyuma, kisha chukua wastani. Kama huna geji weka rula ya chuma juu ya bloku na upitishe fila geji chini yake.

Zangu zilikuwa chini ya uso wa bloku kwa milimita 0.30, zote nne karibu sawa.

8.15 × 8.15 × 0.7854 × 0.03 = 1.6 cc

Pistoni ikitokeza juu ya bloku hiyo namba inakuwa ya kutoa badala ya kujumlisha.

Hatua ya tano: kichwa cha pistoni

Pistoni haiko bapa, ina shimo katikati au vikato vya valvu. Usijaribu kupima kwa rula. Shusha pistoni mpaka milimita 5 kamili chini ya uso wa bloku (kwa yenye kichuguu shusha 10 au zaidi mpaka kichuguu kiwe chini kabisa ya uso), ziba pengo la pembeni ya pistoni kwa grisi kwa kidole, futa iliyozidi, funika na ileile plastiki, jaza maji.

Kama pistoni ingekuwa bapa, milimita 5 zingebeba 8.15 × 8.15 × 0.7854 × 0.5 = 26.1 cc. Mi niliingiza 31.1. Tofauti ni 5.0, ndo ukubwa wa shimo. Ukiwa na kichuguu utaingiza pungufu ya 26.1, na hiyo tofauti unaitoa.

Kuna pengo dogo pembeni ya pistoni juu ya ringi ya kwanza ambalo umeliziba kwa grisi, kwa hiyo hujalipima. Uwazi wa milimita 0.3 kila upande na urefu wa milimita 5 unatoa kama cc 0.4. Kwa injini ya mtaani silihesabu, kwa injini ya mashindano lihesabu.

Hatua ya sita: jumlisha

36.4 + 6.4 + 1.6 + 5.0 = 49.4 cc

(446.0 + 49.4) ÷ 49.4 = 10.0

Injini iliyotoka kiwandani na 9.5 sasa ni 10.0. Nikifanya silinda mojamoja, ya kwanza yenye chumba cha 36.9 ni 9.9 na ya nne yenye 35.9 ni 10.1. Na kwenye kugonga injini haiangalii wastani, inagonga ile silinda iliyobanwa zaidi, zingine zote zikiwa salama.

Sasa hiyo namba uifanyie nini

Kwanza tulia. 10.0 siyo namba ya kutisha. 1NZ-FE ya kwenye Vitz na IST imetoka kiwandani na 10.5 na inatumia petroli hiihii. Ila 1NZ ina sensa inayosikiliza injini ikigonga na kompyuta inarudisha taimingi nyuma yenyewe, wakati 7A yangu ni ya distributa (inayogawa moto kwenye plagi) unayoizungusha kwa mkono kurekebisha taimingi. Na hapo ndo nilikuta mkosaji wa pili: niliunganisha TE1 na E1 (pini za kwenye soketi ya kupimia, ili kompyuta isibadili taimingi), nikapiga taa ya taimingi, badala ya digrii 10 kabla ya topu nikakuta distributa imesukumwa mbele vizuri tu. Resho iliyopanda, taimingi iliyowahi, gari iliyojaa na mlima wa Kitonga, vyote kwa pamoja vikazaa ule mlio. Ukisikia mtu anakwambia injini inagonga kwa sababu moja tu, mwambie apime na zingine.

Ukitaka kurudi kwenye resho fulani geuza hesabu. Nafasi ya juu unayohitaji ni ujazo wa silinda ÷ (resho − 1). Kwa 9.5:

446.0 ÷ 8.5 = 52.5 cc

Ninazo 49.4, zinahitajika 3.1 zaidi. Utazitoa wapi? Wengi wanakimbilia gasketi nene au gasketi mbili zilizolaliana, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kupata cc 3.1 kwenye gasketi unahitaji kuongeza karibu milimita 0.6. Umbali wa pistoni na hedi ulikuwa 0.3 + 1.2, yaani milimita 1.5, sasa unafika 2.1. Ule ukingo bapa wa hedi una kazi yake, pistoni ikifika topu inaubana mchanganyiko wa pembeni na kuurusha katikati kwenye plagi, mafuta yanaungua haraka na pembeni hakubaki kitu cha kulipuka chenyewe. Ukiweka mbali unaua hiyo kazi, unaweza ukashusha resho na injini bado ikagonga. Nafasi ya kama milimita 1 ni nzuri kwa injini ya namna hii, chini ya 0.8 usiende coz konrodi zinavutika kidogo kwa mzunguko mkubwa na pistoni itagusa hedi. Ukitaka kupunguza resho chimba kwenye pistoni, baada ya kupima unene wa kichwa chake, au fungua chumba cha hedi, usiongeze gasketi.

Mi niliamua kubaki karibu na 10 na kusawazisha tu. Nilichukua jiwe dogo la kusagia nikafungua chumba cha pili, cha tatu na cha nne kidogo kidogo, kwenye kuta zinazoibana valvu, nikiondoa kona zote kali, nikipima maji kila mara, mpaka vyote vikafika 36.9. Silinda zote 9.9. Kona kali ya chuma ndani ya chumba inashika moto kama kaa, kwaiyo hiyo kazi ya kulainisha ina faida hata kama cc zisingebadilika.

Kwa wanaotaka kupandisha

Nawaelewa, lakini angalieni kinachopatikana. Kwa hesabu ya nadharia ya injini ya petroli, kutoka 9.5 kwenda 10.0 ufanisi unapanda kutoka kama 59.4 kwenda 60.2 kwa mia, yaani ongezeko la asilimia moja na kitu. Hutalisikia kwa mguu. Pistoni ikipasuka kwa kugonga hiyo utaisikia. Kupandisha kunaleta maana ukiwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali, kwa sababu kamshafti kali inachelewa kufunga valvu ya kuingiza, pistoni inaanza kupanda valvu bado iko wazi na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka, kwaiyo kinachobanwa kweli ni kidogo kuliko hesabu yetu inavyosema. Mfano mzuri ni 1NZ-FXE ya Prius, ndugu kabisa wa 1NZ-FE, imeandikwa 13.0 na inatumia petroli ya kawaida, kwa sababu inachelewesha hiyo valvu makusudi. Ukipandisha resho hivyo bila kugusa kamshafti, unajitafutia.

Wa turbo wao wanaenda kinyume, 3S-GTE ya Toyota kulingana na toleo ilikaa kati ya 8.5 na 9.0, coz turbo yenyewe ni kompresheni ya ziada. Dizeli usiilinganishe na chochote humu, 1HZ ya Land Cruiser ni 22.4 na ndo inavyotakiwa, inawasha kwa joto la kubana.

Na vijana wa kuchanganya, mnaochukua hedi ya 4A-GE mnaweka kwenye bloku ya 7A, pigeni hesabu mara mbili. 4A-GE ya 10.3 ina silinda ya 396.8 cc, nafasi yake ya juu ni 396.8 ÷ 9.3, sawa na 42.7. Weka juu yake silinda ya 440.6 ya 7A na nafasi ya juu ileile, inakuwa 11.3. Hujachonga kitu, stroki peke yake imekupandisha pointi nzima. Pistoni utakazochagua ndo zitaamua kama injini itaishi.

Kabla ya kufunga moja kwa moja

Bandika plastisini kwenye vikato vya valvu vya pistoni, pakaa oili kidogo isigande, weka hedi na gasketi ya zamani, funga kwa toki, vaa taimingi belti, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukisikia kizuizi usilazimishe. Fungua, kata plastisini kwa wembe upime ilipobaki nyembamba. Mi chini ya milimita 2 upande wa eksozi sifungi. Jua pia hedi iliyochongwa imeishusha kamshafti karibu na krenki, nusu milimita inachelewesha kamshafti kama digrii moja ya krenki hivi, ndogo, ila ndo maana alama zinakaa pembeni kidogo na watu wanadhani wameruka jino.

Baada ya hapo gasketi mpya, bolti zikiwa safi na oili kidogo kwenye nyuzi, toki kwa mpangilio wa kitabu kuanzia katikati kwenda nje. Injini ikipata moto na oili ya kwanza ikishabadilishwa ndo piga ile geji ya presha, silinda zote nne, plagi zote zimetoka na mguu umekanyaga mpaka mwisho, uandike. Zangu zilipishana kwa psi 5 tu. Nimeandika namba zote, vyumba, gasketi, pistoni, resho, na tarehe, kwa kalamu ya maka ndani ya kava ya taimingi belti, ili atakayeifungua tena, nikiwa mi au mwingine, ajue kwenye hedi hii hamna tena chuma cha kuchonga.